D.O. Misiani: Mfalme wa Historia ambaye benga yake haikujua mpaka

MWANAMUZIKI Daniel Owino Misiani, kiongozi wa bendi ya Shirati Jazz, alizaliwa Februari 22, 1940 katika kijiji cha Nyamagongo karibu na Shirati, kaskazini mwa Tanzania, na akafariki katika ajali ya barabarani mjini Kisumu, Kenya, Mei 17, 2006 akiwa na umri wa miaka 66. Kati ya tarehe hizo mbili alijijengea jina la kuwa mmoja wa waasisi wa muziki wa benga, nao mashabiki wakamtawaza kuwa Mfalme wa Historia.

Sifa hiyo haikutokana na wingi wa santuri zake pekee. Misiani alikuwa mzaliwa wa upande mmoja wa mpaka aliyegeuka kuwa msimulizi wa watu wa pande zote mbili. Katika iliyokuwa Wilaya ya South Nyanza, ambayo leo imegawanyika na kuzaa kaunti za Migori na Homa Bay, kuanzia soko la Ogwedhi lililo ukingoni kuelekea Transmara hadi fuo za Muhuru, Karungu na Mbita, alipokewa kama mtoto wa nyumbani. Serikali, kwa upande wake, haikusahau alikozaliwa. Tofauti hiyo kati ya kukubaliwa na wasikilizaji na kutambuliwa na dola ndiyo inayoyaeleza maisha yake ya kisanii, na ndiyo inayoufanya urithi wake uwe na uzito hata baada ya kifo chake.

MPAKA ULIOCHORWA NA WAGENI

Ili kumwelewa Misiani, sharti kwanza kuielewa ardhi iliyomzaa. Mnamo 1886, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kugawana eneo hili la Afrika. Zilivuta mstari kutoka mlango wa Mto Umba, pwani ya Bahari Hindi, ukapita kaskazini mwa Mlima Kilimanjaro na kunyooka hadi ufuo wa mashariki wa Ziwa Viktoria. Waluo na Wakuria waliokuwa wakiishi kando ya ziwa hawakushirikishwa katika mkataba huo, na mstari ukawakata mapande mawili. Shirati iliangukia upande wa Wajerumani, waliojenga kituo chao hapo. Maeneo ya Migori yakabaki chini ya Waingereza.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Tanganyika nayo iliwekwa chini ya usimamizi wa Uingereza, na kwa miongo kadhaa mpaka huo ukawa jambo la kwenye ramani kuliko la maisha ya kila siku. Watu walioa na kuozesha ng'ambo ya pili, wavuvi walifuata samaki bila kuuliza maji ni ya nani, na wafanyabiashara wakahama kutoka gulio hadi gulio. Lugha ilikuwa moja, mashairi yalikuwa mamoja, na ala za muziki zilikuwa zile zile.

Shirati ilikuwa pia mji wa kanisa. Wamisionari wa Kimenoni walifungua kituo chao cha kwanza Tanganyika mahali hapo mwaka 1934, miaka sita kabla ya Misiani kuzaliwa. Wazazi wake wenyewe walikuwa waimbaji wa nyimbo za dini, na hawakupendezwa walipomwona kijana wao akivutiwa na gitaa, chombo kilichohusishwa na pombe na densi za usiku. Inasimuliwa kwamba baba yake alilivunja gitaa lake la kwanza. Hata hivyo, malezi hayo hayakupotea bure. Misiani aliyeshika gitaa ukubwani alizijua hadithi za Biblia kama mhubiri, akazitumia katika nyimbo zake kuonya, kufananisha na kufundisha.

KUTOKA NYATITI HADI GITAA

Benga haikuanza na Misiani peke yake, wala haikuanza na gitaa. Chimbuko lake ni nyatiti, kinubi cha nyuzi nane cha Waluo. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, akadona nyuzi kwa mikono yote miwili, huku pete ya chuma iliyovishwa kidole cha mguu ikigonga ukingo wa chombo na njuga za mguuni zikilia. Mtu mmoja, kwa hiyo, huwa ni bendi nzima: nyuzi nyembamba zinaimba, nyuzi nene zinaitikia, na mguu unatunza mapigo. Kando ya nyatiti kulikuwa na orutu, zeze la uzi mmoja, pamoja na ngoma za ohangla.

Mpigaji huyo, anayeitwa jathum, hakuwa mtumbuizaji tu. Katika matanga alitarajiwa kuutaja ukoo wa marehemu, safari za mababu zake, ushujaa wao na hata aibu zao. Katika sherehe aliongoza pakruok, desturi ambapo msikilizaji hutoa fedha, wimbo ukasimamishwa kidogo, naye akajisifu au kuwasifu jamaa na marafiki zake kabla ya muziki kuendelea. Jathum alikuwa maktaba, gazeti na mnenguaji wa hisia za watu kwa wakati mmoja.

Gitaa lilienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakati askari wa King's African Rifles waliporejea kutoka Burma na kwingineko. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, wapigaji kutoka Katanga kama Jean-Bosco Mwenda na Edouard Masengo walisikika Nairobi, na mtindo wao wa kudona nyuzi kwa vidole ukaigwa na vijana wengi. Waluo walipolichukua gitaa walilipa kazi ya nyatiti. Gitaa la solo likacharaza sauti moja moja kwa kasi kwenye nyuzi za juu, likimfuata mwimbaji na kumjibu kila anaponyamaza. Gitaa la besi, badala ya kujificha nyuma, likapewa nafasi ya kusema.

Ndivyo ulivyopatikana muundo ambao msikilizaji wa benga huutambua mara moja. Beti huimbwa kwanza, mara nyingi kwa sauti mbili zinazokwenda sambamba. Kisha waimbaji hunyamaza na magitaa kuachiwa uwanja, mapigo yakipanda hadi wachezaji washindwe kuketi. Jina benga lenyewe huhusishwa na John Ogara, kiongozi wa Ogara Boys, ambaye naye huhesabiwa miongoni mwa waasisi wa mtindo huo katika miaka ya 1960. Alichokifanya Misiani ni kuurudisha mtindo huo mpya kwenye kazi ya zamani ya jathum, yaani kuihifadhi habari ya jamii.

SHIRATI JAZZ YAZALIWA

Misiani alivuka na kuingia Kenya katika miaka ya 1960, wakati nchi zote mbili zilikuwa changa katika uhuru wake. Nairobi na miji ya Nyanza ilikuwa na studio, maduka ya santuri, baa zilizohitaji bendi na wafanyakazi waliohama makwao wakiwa na kiu ya kusikia lugha yao. Bendi yake ilipitia majina kadhaa, likiwemo Shirati Luo Voice, kabla ya kujulikana kwa jina lililodumu la D.O. 7 Shirati Jazz.

Jina hilo lina maana yake. Mwanamuziki aliyeweka makao Kenya, aliyerekodi Kenya na kupata hadhira kubwa Kenya, alichagua kuibeba Shirati kila alipokwenda. Hakujificha wala kujitafutia asili nyingine. Mashabiki nao walimwita wuod Anyango, mwana wa Anyango, kwa desturi ya Waluo ya kumtaja mtu kwa mamake, jambo linaloashiria kwamba walimhesabu kuwa wao.

Miaka ya 1970 ndiyo iliyokuwa ya fahari yake. Nyimbo zake zilizungumzia mapenzi na ndoa, uchoyo na ulevi, visa vya Biblia, asili ya Waluo na mwenendo wa viongozi. Wafanyakazi wa mashamba ya miwa karibu na Awendo, wavuvi wa ziwani, makarani wa Kisumu na madereva wa masafa marefu walizisikiliza kwa masikio tofauti. Mmoja alicheza, mwingine alicheka, na wa tatu alirudi nyumbani akijiuliza ni nani hasa aliyeimbwa.

Kipindi hicho hicho ndipo mpaka ulipoacha kuwa mstari wa ramani tu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa tena hadi 1983. Kwa familia za Migori na Mara, miaka hiyo ilimaanisha jamaa wasioonana kwa urahisi na biashara iliyogeuka kuwa magendo. Lakini mawimbi ya redio hayakuombwa pasipoti. Muziki ulibaki miongoni mwa vitu vichache ambavyo watu wa pande mbili waliendelea kuwa navyo kwa pamoja.

SUNGURA WAFIKA ZIMBABWE

Benga ilikuwa pia biashara. Nyimbo zilitolewa katika santuri ndogo, na kwa kuwa wimbo mmoja wa benga ulikuwa mrefu, mara nyingi uligawanywa: beti upande wa kwanza na ngurumo ya magitaa upande wa pili. Barabara ya River Road jijini Nairobi ilikuwa kitovu cha biashara hiyo, huku duka na studio ya Chandarana mjini Kericho ikiwahudumia wanamuziki wengi wa magharibi mwa nchi.

Mfanyabiashara aliyeitangaza benga mbali zaidi ni Phares Oluoch Kanindo, ambaye baadaye aliingia bungeni. Santuri zake, zikiwemo zilizotoka kwa nembo ya Sungura, zilisafirishwa hadi kusini mwa Afrika. Zimbabwe zilipendwa kiasi kwamba muziki wa aina hiyo uliitwa kanindo, na mtindo wa magitaa uliokuja kutawala nchini humo baada ya uhuru wa mwaka 1980 ukajulikana kama sungura. Wazimbabwe wengi wanaoucheza hadi leo hawajui kwamba wanatamka neno la Kiswahili.

Hapa Kenya mtindo huo ulivuka mipaka ya kabila. Wakamba waliupata kupitia kwa Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, Wakikuyu na Wakalenjin nao wakautia maneno ya lugha zao. Barani Ulaya, kampuni ya World Circuit ya Uingereza ilitoa albamu ya Shirati Jazz iitwayo Benga Beat mwaka 1987. Mwaka 1989 zilifuata Benga Blast!, kutoka kwa Earthworks, na Piny Ose Mer, kutoka kwa GlobeStyle.

Hata hivyo, umaarufu huo haukuwa sawa na utajiri. Kaseti zilipochukua nafasi ya santuri katika miaka ya 1980, yeyote aliyekuwa na redio mbili angeweza kunakili kazi ya mtu na kuiuza sokoni asubuhi iliyofuata. Wanamuziki wa benga waliendelea kutegemea malipo ya maonyesho ya usiku na ukarimu wa wafadhili waliotajwa katika nyimbo. Kizazi kilichoijaza Afrika Mashariki kwa muziki hakikuonja matunda yake kwa kiwango kinacholingana na jasho lake.

NYIMBO ZA MAFUMBO NA MKONO WA SERIKALI

Siasa za Nyanza zilimpa Misiani mada isiyokwisha. Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko Kisiwa cha Rusinga katika Kaunti ya Homa Bay, aliuawa Julai 5, 1969. Mwaka huo huo chama cha Kenya People's Union kilipigwa marufuku na kiongozi wake, Jaramogi Oginga Odinga, akawekwa kizuizini. Katika miongo ya chama kimoja iliyofuata, kusema wazi kulikuwa hatari. Wasanii walirudi kwenye hazina ya masimulizi ya kale, ambamo fisi, sungura na nyani hufanya mambo ambayo kila mtu anajua si ya wanyama.

Misiani aliumudu usemi huo wa mafumbo. Hadithi ya mfalme wa Biblia au ya mnyama wa porini ilitosha kumfikishia msikilizaji ujumbe, na kama mwenye mamlaka angelalamika, angekuwa amejitambulisha mwenyewe. Hata hivyo, fumbo halikumkinga kila mara. Zaidi ya mara moja alijikuta mikononi mwa polisi kwa sababu ya nyimbo zake, na uzawa wake wa Tanzania ukageuzwa kuwa fimbo ya kumtishia, maana mgeni anaweza kuambiwa arudi kwao. Mwanamuziki mzaliwa wa Kenya alihofia jela. Misiani alihofia jela na pia kupoteza nchi aliyoifanya makao, pamoja na hadhira yake.

Kuingia kwa utawala wa NARC mwishoni mwa 2002 hakukumfunga mdomo. Ushirikiano uliouleta muungano huo madarakani ulitokana na mkataba wa maelewano kati ya vyama, na malumbano kuhusu kutotimizwa kwake yaliwaka hasa Nyanza. Wimbo wake Bim en Bim, yaani nyani ni nyani, ulifasiriwa na wengi kuwa dongo kwa serikali ya Rais Mwai Kibaki. Waswahili wana methali yao kuhusu nyani asiyeyaona ya nyuma yake, na msikilizaji asiyejua Dholuo angeweza kuukisia mwelekeo wa kejeli hiyo. Novemba 21, 2005 rasimu ya katiba ilikataliwa katika kura ya maamuzi, Nyanza ikiwa mstari wa mbele kuipinga. Miezi sita baadaye Misiani alikuwa amekufa.

URITHI

Kifo chake kilikuja wakati safu ya waasisi na warithi wao wa karibu ilikuwa imepungua sana. George Ramogi na Okatch Biggy walifariki mwaka 1997, na Ochieng Kabaselleh akawafuata mwaka 1998. Musa Juma, aliyeupa mtindo huo sura mpya na Orchestra Limpopo, alifariki mwaka 2011 akiwa bado kijana. Miongoni mwa walioibeba kazi ya kuonya jamii kwa gitaa ni Princess Jully, aliyechukua uongozi wa Jolly Boys baada ya kifo cha mumewe, Prince Jully, mwaka 1997, na ambaye wimbo wake Dunia Mbaya ulizungumzia janga la ukimwi wakati wengi walikuwa wakinong'ona tu.

Juhudi za kuihifadhi historia hiyo zimefanywa. Mwaka 2008 shirika la Ketebul Music la Nairobi lilitoa kazi ya kitabu, sauti na filamu kuhusu safari ya benga, na mwaka 2010 kampuni ya Sterns ya Uingereza ilikusanya rekodi za Misiani za miaka ya 1970 katika albamu iliyopewa jina The King of History. Wasomi nao wamezichambua nyimbo zake kama kumbukumbu za siasa. Vituo vya redio vinavyotangaza kwa Dholuo vimewafikishia nyimbo hizo vijana ambao hawajawahi kugusa santuri.

Lakini kuhifadhi sauti si kuhifadhi maana. Sehemu kubwa ya nyimbo za Misiani iko katika Dholuo chenye methali na majina ya watu na mahali ambayo wazee waliozisikia zikitoka ndio wanaoyaelewa vyema. Kila mzee anayekufa huondoka na ufunguo wa fumbo fulani: nyani alikuwa nani, na kwa nini wimbo ule ulisikika mwezi ule. Bila maandishi na tafsiri, kwa Kiswahili hasa, ili wasomaji wa Mara na wa Mombasa waelewe kwa pamoja, Mfalme wa Historia atabaki na magitaa matamu yasiyo na historia.

Sheria sasa ina maneno mazuri zaidi kuliko enzi zake. Kenya ilipata Sheria ya Hakimiliki mwaka 2001. Katiba ya 2010 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa katika kifungu cha 11, na katika kifungu cha 33 inaulinda uhuru wa ubunifu wa kisanii. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilifufuliwa kwa mkataba wa 1999 ulioanza kutumika mwaka 2000, ikiahidi raia wake wepesi wa kuvuka mipaka. Kipimo cha maneno hayo ni kama familia za wanamuziki zitalipwa nyimbo zinapopigwa, na kama mtunzi wa leo anayetoka ng'ambo ataweza kuikosoa serikali bila kukumbushwa njia ya kurudi kwao.

Wasikilizaji walikwishatoa uamuzi wao zamani. Katika matanga na magulio ya Migori na Homa Bay, jina la Shirati hutajwa na watu wengi ambao hawajawahi kufika mji huo. Kwao si mji wa nchi nyingine, bali ni sauti ya gitaa na ya mtu aliyewaeleza wao ni nani.